Maswali ya wasomaji: Shamba langu limeingia kwenye simu ya mnunuzi

Tumepokea barua nyingi zinazofanana kutoka kwa wakulima wa viungo na wa mwani wa Unguja na Pemba. Wanunuzi wanaotaka bidhaa za kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani, wameanza kuwapeleka mashambani vijana wenye simu, ambao hupima mipaka, hupiga picha, huuliza maswali na kuondoka na majibu. Wakulima wanataka kujua majibu hayo yanakwenda wapi na yanawafaa nini. Tumechagua barua nne, na bwana shamba wetu amezijibu.

SWALI: Assalamu alaykum Bwana Shamba. Nina shamba la urithi hapa Mtambile, Pemba, lenye pilipili manga, mdalasini na vanila kidogo. Kampuni inayotununulia viungo kupitia kikundi chetu ilimleta kijana mwenye simu, akazunguka shamba, akaandika namba ya kitambulisho changu, akaniuliza mbolea na dawa ninazotumia, kisha akanitaka niguse kioo cha simu kwa kidole kuwa nimekubali. Nilipomuuliza sababu, alisema ni sheria ya misitu ya Ulaya na kwamba asiyepimwa hatauza. Baadaye nikaambiwa kuwa shamba langu ni dogo kuliko ninavyojua, na kuwa pilipili manga niliyopeleka imezidi makisio, kwa hiyo malipo yangu yamezuiwa mpaka uchunguzi umalizike. Sijachukua hata punje moja kwa jirani. Je, nalazimika kuyakubali haya, na taarifa hizi ni za nani?
*Mkulima, Mtambile*

JIBU: Wa alaykumu salaam, mzee wangu. Nianze na hilo la sheria, kwa sababu umeambiwa jambo ambalo si sahihi, na mtu aliyeanza kuelezwa yasiyo sahihi ana haki ya kuyatilia shaka yote yanayofuata. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu ukataji wa misitu, iliyopitishwa mwaka 2023, inagusa bidhaa saba pamoja na vitu vinavyotokana nazo, nazo ni ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Pilipili manga haimo, vanila haimo, karafuu haimo, na mdalasini haumo, ingawa ni gome la mti. Kilichomleta kijana yule kwako ni kanuni nyengine ya Umoja huohuo, ile ya kilimo hai, namba 848 ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kanuni hiyo inawaruhusu wakulima wadogo wa nchi kama yetu kupata cheti kimoja kwa pamoja, badala ya kila mmoja kulipia ukaguzi ambao asingeumudu, lakini kwa masharti: kikundi kiwe kimesajiliwa kisheria, wanachama wake wasizidi 2,000, kiwe na utaratibu wa kuuza pamoja, na kiwe na mfumo wake wa udhibiti wa ndani, yaani wakaguzi wake wenyewe wanaomfikia kila mwanachama angalau mara moja kwa mwaka. Shirika linalotoa cheti nalo huwakagua upya wanachama wasiopungua asilimia 5 kila mwaka. Kikundi kinatakiwa pia kiwe na orodha inayoonyesha kila shamba lilipo, ukubwa wake, kilichopandwa na makisio ya mavuno. Orodha hiyo zamani iliandikwa daftarini na ramani ikachorwa kwa mkono. Siku hizi inaandikwa kwenye simu.

Kwa hiyo, ukitaka kuuza kwa bei ya kilimo hai kupitia cheti cha kikundi, kupimwa huna budi. Usipotaka, hapana anayeweza kukulazimisha, nawe utauza sokoni kwa bei ya kawaida. Hayo ndiyo maelezo uliyostahiki kupewa kabla hujaombwa kidole chako.

Sasa tuje kwenye ukubwa wa shamba, maana hapa ndipo nadhani umedhulumiwa bila ya mtu kukusudia. Simu ya kawaida ikiwa mahali peupe, chini ya anga iliyo wazi, hukosea kiasi cha mita 5. Chini ya mikarafuu iliyopita mita 10 kwa urefu, na kwenye mabonde yetu ya Pemba ambako kilima huziba upande mmoja wa anga, hukosea zaidi. Chukua shamba la nusu eka lenye umbo la mraba. Kila upande una mita 45 hivi, na eneo lake ni kama mita za mraba 2,023. Upande mmoja tu ukisogezwa ndani kwa mita 5, zimepotea mita za mraba 225, ambazo ni zaidi ya sehemu moja katika kumi ya shamba zima. Kosa hilohilo kwenye shamba la eka tatu, kama yale yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi, halifiki sehemu moja katika ishirini. Kipimo cha simu, basi, humuumiza zaidi mwenye kipande kidogo, na wenye vipande vidogo ndio wengi wetu.

Dawa yake ipo. Programu nyingi za kupimia huonyesha kwenye kioo kosa linalokadiriwa, kwa mita, na mpimaji anaweza kusimama kwenye kila kona akasubiri namba hiyo ishuke kabla ya kubonyeza. Apime mara mbili, na tofauti ikiwa kubwa apime mara ya tatu. Na asizunguke peke yake. Wewe ndiye unayejua kwamba mpaka unapita nyuma ya mfenesi ule wala si mbele yake, kwa hiyo tembea naye hatua kwa hatua, na ikiwezekana jirani wa mpakani awepo.

Kuhusu makisio, muulize katibu wa kikundi swali moja tu kwanza: makisio yameandikwa kwa pilipili manga mbichi au kavu? Kilo 3 za mbichi hutoa takriban kilo 1 ya kavu. Karafuu nazo hukaribia hapo hapo, na vanila huhitaji kilo 5 au 6 za mbichi kupata kilo 1 iliyokwisha kutayarishwa. Ikiwa fomu ya shambani inakisia kavu, na mzani wa kituo cha kupokelea unaandika mbichi, basi mkulima aliyekisiwa kilo 30 akipeleka kilo 90 ataonekana amepeleka mara tatu ya uwezo wa shamba lake, hali hajazidisha hata kilo moja. Fomu inayouliza "kilo ngapi?" bila ya kusema kilo za kitu gani ni fomu mbovu, na nimeziona nyingi za namna hiyo. Jambo la pili ni kwamba pilipili manga kwetu haipandwi kwa eka kama mpunga. Huparamia mfenesi, mwembe na mti wowote wa kuegemea, mara mashina mengi kona hii na machache kona ile, kwa hiyo kukisia mavuno kwa ukubwa wa ardhi pekee ni kubahatisha. Yahesabiwe mashina yanayozaa.

Sisemi kwamba makisio yafutwe. Yamewekwa ili asitokee mtu akanunua viungo vilivyopigwa dawa kutoka mahali pengine, akaviingiza kwenye magunia ya kikundi kwa tamaa ya bei, na kuwaharibia wote. Lakini makisio yakizidishwa, kinachofuata kiwe ni mtu kuja shambani kuhesabu mashina pamoja nawe. Kuzuia malipo yote si sawa hata kidogo. Dai kwamba kile kiasi kisicho na ubishi kilipwe sasa, na kilichobaki kisubiri hesabu.

Kuna jambo jengine ambalo fomu zilizotungwa mbali hazilijui kabisa. Kwetu mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwengine, na mikarafuu inaweza kukodishwa kwa msimu kwa mtu wa tatu. Mkodi akija na vibarua wake kuchuma, na akatumia dawa au akaanika barabarani kwenye lami, shamba linaloandikwa kwa jina lako ndilo litakalobeba lawama, ijapokuwa karafuu zenyewe zinauzwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na wala hazipiti kwa mnunuzi wako wa viungo. Hakikisha basi kwamba maelezo ya fomu yanasema nani anamiliki ardhi, nani anamiliki miti, na nani aliyeikodi. Nafasi ya maelezo ipo karibu kwenye kila fomu, ila huachwa tupu kwa haraka.

Mwisho ni suali lako la taarifa hizi ni za nani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze anazikusanya kwa ajili gani, na inampa mwenye taarifa haki ya kuziona na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Kwa upande wa Zanzibar haitumiki kwenye mambo yasiyo ya Muungano, na kilimo si jambo la Muungano, kwa hiyo nisingependa uitegemee peke yake. Kinga yako ya karibu zaidi ni mkataba wa kikundi na kampuni. Uandikwe humo, kwa Kiswahili, kwamba ramani na kumbukumbu za shamba ni za mkulima na kikundi, kwamba kampuni inazitumia kwa ajili ya cheti na ununuzi tu, kwamba haizipi kwa mtu mwengine bila ya idhini, na kwamba kikundi kikihamia kwa mnunuzi mwengine kinaondoka nazo. Hili la mwisho lina uzito kuliko yote. Kikundi kisicho na nakala ya kumbukumbu zake kikitaka kubadilisha mnunuzi kitaanza kupima na kukagua upya tangu mwanzo, na kwa mazao ya kudumu kipindi cha mpito kabla ya kupata cheti ni miaka mitatu. Mnunuzi anayelijua hilo hana haja ya kuongeza bei.

Kwa hiyo, mzee wangu, andika barua fupi kwa kikundi, uombe kupimwa upya ukiwepo, uelezwe msingi wa makisio, na upewe nakala ya kila kilichoandikwa juu yako, imechapwa kwenye karatasi. Nakala hiyo kwenye programu hizi huchukua dakika chache tu kutolewa.

SWALI: Mimi ni mkaguzi wa ndani wa kikundi cha viungo, ninaishi Konde. Nimepewa simu yenye fomu, na ninalipwa kwa idadi ya fomu ninazotuma. Wenzangu wengine huzijaza wakiwa wamekaa barazani, kwa sababu wakulima wanawajua na majibu ya mwaka jana wanayo. Mimi nilikwenda kwa ami yangu nikaona chupa ya dawa ya magugu ndani ya banda lake. Akaniambia aliipulizia kwenye migomba tu, pembeni. Nikiandika, atatolewa kikundini na ukoo mzima utaninunia. Nisipoandika, nimesema uongo. Meneja anatuambia tusihangaike sana kwa sababu setilaiti inaona kila kitu. Nifanye nini?
*Mkaguzi kijana, Konde*

JIBU: Mwanangu, andika. Andika ulichokiona, andika na alichokuambia ami yako kwa maneno yake mwenyewe, kisha uandike kwamba ni ami yako na uombe mkaguzi wa shehia nyengine aje kuhakikisha. Kumkagua jamaa yako wa damu ni kosa la aliyekupangia kazi, si lako, na kwa kuwa katika shehia moja karibu wote ni ndugu au mashemeji, njia pekee inayofaa ni wakaguzi kubadilishana shehia.

Wala kutolewa kikundini si lazima liwe jambo la kwanza. Kikundi kinaweza kukiondoa kipande kile cha migomba, na sehemu yoyote iliyofikiwa na dawa, kwenye orodha ya kilimo hai, kikakirudisha kwenye kipindi cha mpito, na mazao yake yakauzwa kwa njia ya kawaida bila ya kuchanganywa na mengine. Sehemu ya shamba ambayo haikuguswa inaweza kubaki, ilimradi mpaka baina ya sehemu mbili unaonekana. Ami yako atapata hasara, lakini ni hasara ya kipande. Linganisha na linaloweza kutokea jambo likifichwa. Shirika la cheti huchukua sampuli kwa wanachama wasiopungua asilimia 2 na kuzipeleka maabara, na mnunuzi wa ng'ambo hupima upya mzigo ukifika. Dawa ikionekana kwenye gunia lililochanganywa la wakulima wengi, na fomu zote zikawa zinasema "hakuna dawa", kinachothibitika ni kwamba mfumo wenu wa ndani haufanyi kazi, na hilo ni kosa linaloweza kukiondosha cheti cha kikundi kizima. Mweleze ami yako hivyo, kwa upole, mkiwa wawili, kabla hujatuma fomu, ili asije akayasikia mkutanoni.

Kuhusu wenzako wa barazani, tatizo lao lina mizizi kwenye malipo. Ukimlipa mtu kwa idadi ya fomu, utapata fomu. Kikundi kingewalipa kwa siku ya kazi, pamoja na nauli ya bodaboda, kikaweka idadi ya mashamba ambayo mtu anaweza kuyakagua kwa siku bila ya kukimbia. Simu yenyewe inaweza kusaidia kugundua hila, kwa sababu fomu hubeba saa iliyofunguliwa, saa iliyofungwa na mahali ilipojazwa, na fomu kumi zilizojazwa mahali pamoja kwa dakika chache kila moja zinajieleza. Hata hivyo mahali na saa vinathibitisha tu kwamba simu ilikuwepo. Mtu anaweza kusimama katikati ya shamba akajaza uongo.

Ndiyo maana mimi huhangaikia zaidi namna fomu inavyouliza. Fomu nyingi zina suali la "Je, unatumia dawa za viwandani? Ndiyo au Hapana", na hakuna mkulima mwenye akili timamu, anayetaka kuuza, atakayejibu Ndiyo. Suali kama hilo linakusanya Hapana kwa maelfu na halimfundishi mtu yeyote kitu. Afadhali liulizwe: mara ya mwisho kupalilia ilikuwa lini, na alipalilia nani? Kama ni vibarua, walikuwa wangapi, kwa siku ngapi? Mkulima aliyepalilia kwa jembe huanza papo hapo kukusimulia taabu yake na bei ya vibarua. Aliyepuliza dawa husita. Kisha omba kuona banda. Tazama kama kuna bomba la kupulizia, chupa tupu, mfuko wa mbolea ya chumvichumvi, na uulize bomba limeazimwa kwa nani mara ya mwisho, maana bomba moja huzunguka kijiji kizima na mabaki ya dawa huenda nalo, hata kama safari hii limetiwa maji ya mwarobaini. Ukimaliza, tembea kwenye mpaka wa upande wa jirani anayelima tungule au matikiti, utazame kama majani ya ukingoni yameungua. Hayo yote yaandikwe kama uliyoyaona, na hukumu iachiwe kamati.

Setilaiti haioni kila kitu. Zile za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, ambazo picha zake hutolewa bure na hutumiwa sana kwa kazi hizi, hupita juu ya kila mahali kila baada ya siku 5, na kila nukta ya picha yake ni mraba wa mita 10 kwa 10. Shamba la nusu eka huwa ni nukta 20 hivi tu, na nyingi katika hizo ziko mpakani, zimechanganyika na shamba la mwengine. Wakati wa masika mawingu huweza kufunika Pemba wiki kwa wiki. Picha hizo zinafaa kujua kama miti imekatwa au shamba limefyekwa lote, na kwa kazi hiyo ni nzuri kweli. Lakini kilichomo ndani ya bomba la kupulizia hazikioni, na meneja anayewaambia hivyo anawavunja moyo nyinyi mnaotembea kwa miguu, ambao ndio pekee mnaoweza kukiona.

Kwa matumizi ya kila siku, programu za kujazia fomu kama KoboCollect na ODK Collect hufanya kazi bila ya mtandao. Fomu hukaa ndani ya simu mpaka ufike mahali penye mtandao, kwa hiyo huna sababu ya kujaza kwa kukumbuka jioni eti kwa sababu bondeni hakuna mawimbi. Usiibadilishe tarehe ya simu, na usifute fomu mpaka uwe na hakika kwamba imefika.

SWALI: Sisi ni kikundi cha kina mama wakulima wa mwani, Jambiani. Mnunuzi anataka kila mmoja apige picha kamba zake kila wiki na kuituma, ili ajue kama tunalima bila ya kuharibu bahari. Wengi wetu hatuna simu janja, na zilizopo zinaingia maji ya chumvi zikafa. Hivi kuna faida yoyote?
*Katibu wa kikundi, Jambiani*

JIBU: Faida ipo, ila utaratibu mliopewa umepangwa na mtu asiyejua maji yanavyokwenda. Nyinyi huingia mashambani wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokauka mpaka mbali. Wakati wa maji mafu mashamba mengi hayafikiki. Kumbukumbu yenu ifuate bamvua, si wiki, na kwa kuwa mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, kila zao litapata kumbukumbu tatu, ambazo zinatosha kabisa. Mwambieni mnunuzi hivyo bila ya haya, kwa kuwa yeye ndiye atakayepata kumbukumbu zilizo kamili.

Simu moja ya kikundi inatosha, ibaki pwani ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, mikononi mwa mmoja wenu ambaye siku hiyo haingii majini. Kila mwenye shamba akitoka na mwani wake anataja kamba alizofunga, alizovuna, na zilizoharibika. Picha ipigwe ya kamba chache zilizotiwa alama, zilezile kila bamvua, maana picha za kamba tofauti hazina cha kulinganishwa. Na yaulizwe yale yanayoigusa bahari kweli: vijiti vya kufungia kamba vimekatwa wapi, na je, ni mikoko, majani ya bahari yaling'olewa kusafisha shamba au yaliachwa, na taitai, yaani kamba ndogo za kufungia mwani, zilizokatika zilikusanywa au zilikwenda na maji.

Kuna jambo moja ambalo ningewaomba mliongeze hata kama mnunuzi hakuliomba, nalo ni joto la maji, lipimwe kwa kipimajoto mahali palepale kila bamvua, na liandikwe pamoja na dalili za mwani kuwa mweupe na kukatika. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 hapo kwenu na Paje, na kila mkulima wa siku nyingi anajua jinsi kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ilivyokuwa ikistawi kwenye maji mafupi na jinsi inavyokufa sasa, mpaka wengi wamebakia na spinosumu, aina inayohimili joto lakini bei yake ni ndogo. Mkiwa na kumbukumbu za misimu kadhaa, mtaweza kusema kwa ushahidi ni miezi gani kotonii haifai kupandwa na ni wapi maji marefu yanastahiki kujaribiwa. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko hapa hapa Unguja, wanafanya kazi kwenye mambo haya, na kumbukumbu zilizopangwa vizuri zingewafaa. Kama nilivyomwambia mzee wa Mtambile, nakala ibaki kwenu.

SWALI: Mimi na mume wangu tunalima Ole. Manjano na tangawizi ni kazi yangu, pilipili manga na mdalasini ni yake. Kijana aliyekuja na simu aliandika jina la mume wangu na namba yake tu, na malipo yote yanaingia kwenye simu yake. Mimi nina simu ya kitochi. Nikauliza, nikaambiwa mfumo unakubali mtu mmoja kwa kaya na lazima awe na simu janja. Ni kweli?
*Mama mkulima, Ole*

JIBU: Si kweli, dada yangu. Kinachotakiwa ni mwanachama kuandikwa na shamba lake kujulikana, na simu janja ni ya mkaguzi, haikuhitajika kuwa yako. Kitochi chako kinapokea ujumbe mfupi na kinapokea pesa, na hizo ndizo kazi mbili unazozihitaji: kuletewa ujumbe wa kilo zilizopokelewa na bei papo hapo mzani unaposomwa, na kulipwa. Laini iwe imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe, kwa alama ya kidole chako, kwa sababu laini iliyosajiliwa kwa jina la mwengine ikipotea utapata taabu kuirudisha, na pesa zilizomo vilevile.

Hilo la mtu mmoja kwa kaya mara nyingi ni uamuzi wa aliyeitunga fomu, alitaka kupunguza idadi. Lina madhara hata kwa mnunuzi, kwa sababu mkaguzi akija kuuliza namna manjano yalivyopandwa na yalivyokaushwa anamuuliza mume wako, ambaye hakuyalima, naye anajibu kwa kukisia. Nenda kwa katibu wa kikundi pamoja na mume wako, ombeni kila mmoja awe mwanachama kwa mazao yake, na kipande cha manjano na tangawizi kipimwe peke yake na kuandikwa kwa jina lako. Mkutano wa kikundi ndio wenye uwezo wa kuamua juu ya uanachama, si kijana mwenye simu. Mpaka hilo likamilike, weka daftari, na kila unapopeleka mzigo andika tarehe, kilo, mbichi au kavu, na jina la aliyepima, kisha mwambie atie saini mbele yako.

Ikiwa kikundi kitakataa, tafuta kama kuna kikundi cha karibu kinachotumia alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki kwa njia ya wakulima kukaguana wenyewe. Kiwango chake kilipitishwa mwaka 2007, na alama hiyo inaweza kutumika kuuzia hapa hapa, kwenye masoko na mahoteli yanayotaka viungo visivyo na dawa. Alama hiyo haitakufikisha soko la Ulaya. Lakini kwa manjano na tangawizi, ambayo huvunwa ndani ya mwaka, unaweza kuanza na hilo huku ukiendelea kudai nafasi yako Ole.